Tupeane uzoefu: gari ya zamani inapiga stata vizuri ila haiwaki, kwako ilikuwa nini?

Mwanzisha uzi, Sakina

Habari zenu wakuu. Mwezi wa nne nilikaa siku tatu bila gari na hela ikanitoka bure, na najua kuna mtu saa hizi kafungua boneti barabarani hajui aanzie wapi, ndo maana nimeleta huu uzi.

Yangu ni Corolla AE100 injini ya 5A, ile ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Mvua ilikuwa inanyesha toka usiku, masika ya Arusha mnayajua, nikapita kwenye dimbwi, mbele kidogo gari ikakohoa mara mbili ikazima. Napiga stata inazungusha kwa nguvu, betri nzima, taa hazififii, ila haishiki hata kidogo. Fundi wa kwanza akasikiliza kama dakika moja akasema pampu ya mafuta imekufa. Sikubisha. Nikanunua pampu ya mtumba 60,000 na ufundi 30,000, ikafungwa, hali ileile. Kesho yake akasema koili, ile inayotengeneza moto wa plagi. Nikanunua na koili.

Siku ya tatu jirani akaniletea mzee mmoja wa Unga Limited. Huyu hata pampu hakuigusa. Alichomoa waya mmoja wa plagi, akachomeka plagi nyingine aliyokuja nayo mfukoni, akailaza kwenye chuma cha injini akaniambia piga. Hamna cheche. Akasema basi mafuta tuyaache kwanza, hapa moto ndo haufiki. Akafungua mfuniko wa distribyuta, akaufuta ndani na kipande cha kanga, akaugeuzia mwangani akaniita. Kulikuwa na kamstari keusi kembamba, ungesema mtu kachora na penseli, kametoka katikati pale moto unapoingilia mpaka ukingoni. Akanielewesha kwamba hapo umeme umeshajichomea njia, unyevu ukiingia unakimbilia kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi. Tukaweka mfuniko mpya na rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake, ikawaka stata ya kwanza. Ile pampu yangu niliyoitoa ilikuwa nzima, iko stoo mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba kile kipimo cha mzee hakikufika hata dakika tano. Haya semeni na nyie.

Dereva wa safari, Moshi

Pole sana mkuu. Sisi wa dizeli hatuna plagi wala distribyuta lakini yanatukuta. Land Cruiser ya 1HZ, nilibadilisha filta ya dizeli asubuhi Moshi, nikaenda mpaka Mto wa Mbu bila shida, nikalala huko, asubuhi wageni wameshapanda napiga stata inazungusha tu. Nikaangalia nyuma kwenye ekzosi, hata moshi hamna. Kwa dizeli hiyo ni dalili kubwa, stata ndefu bila moshi maana yake mafuta hayafiki ndani, ungeona moshi mweupe unatoka ningesema mafuta yanafika ila hayaungui, hapo ningeanza na plagi za moto, zile za kupasha injini ya dizeli kabla ya kuwasha, sio za cheche.

Nikaanza na ile solenoidi ya kukatia mafuta juu ya pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwenye nozo zinazoinyunyizia ndani ya injini. Nikamwambia mwenzangu awashe na kuzima swichi bila kupiga stata, mi nimeweka kidole juu yake. Ikagonga tak, tak. Nzima. Afu nikabonyeza pampu ya mkono pale juu ya filta, ikawa laini laini inazama tu haikazi, nikajua kuna hewa. Kumbe raba ya filta mpya ilikaa upande, mafuta hayavuji nje lakini ikilala usiku kucha inavuta hewa na dizeli inarudi tanki. Nikaikaza upya, nikapampu mpaka ikawa ngumu, nikalegeza nati za paipu kwenye nozo mbili, tukapiga stata fupi fupi mpaka ikatoka dizeli bila mapovu, nikakaza, ikawaka. Wageni walichelewa saa moja na nusu na walinielewa. Ila mtu asisogeze mkono wala uso kwenye zile paipu stata inapopiga, dizeli ya presha inapenya ngozi na hilo ni jeraha la kukimbizwa hospitali hata kama unaona kidoti tu.

Mama wa watoto wawili, Usa River

Mimi sio fundi lakini hii nimeijua kwa kusikia. RAV4 ya zamani injini 3S, Disemba tunaenda Machame kuhesabiwa na watoto nyuma, tumeipita Boma Ng'ombe gari ikazima ghafla tu kama umezima swichi, haikukohoa wala nini. Nikipiga stata sauti imebadilika, inazunguka nyepesi na haraka, vuuuu mfululizo, ule mdundo wa kupanda na kushuka hamna. Nikampigia shemeji nikaweka simu karibu na injini akasikiliza akasema dada acha kabisa kupiga stata, hiyo taimingi belti imekatika. Alipokuja akafungua mfuniko wa distribyuta akaniambia niguse stata kidogo, rota imesimama tuli wakati injini inazunguka. Ndo ushahidi wenyewe, maana rota inazungushwa na kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, na kemshafti inavutwa na hiyo belti. Namshukuru Mungu 3S ikikata belti valvu hazigongani na pistoni, tukaweka belti na bearing zake basi. Kuna injini zingine ungeambiwa ufungue na silinda hedi.

Mkazi wa Kijenge

Yangu fupi. King'ora. Waliofunga alamu walikata waya wa pampu wakapitisha kwenye rilei yao, yaani swichi ya umeme, chini ya dashibodi, rilei ikaungua. Kama gari ina alamu ya kuongezwa anzia hapo.

Fundi, Majengo Moshi

Ndugu zangu mmeongea vizuri, niongeze ya gereji. Toyota za petroli za miaka ya tisini, kwenye boneti kuna kaboksi keusi kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Washa swichi bila stata, unganisha tundu la +B na Fp kwa kipande cha waya, fungua mfuniko wa tanki utege sikio, pampu nzima utaisikia inavuma. Angalia usikosee tundu. Ikivuma na gari haiwaki, toa huo waya, zima swichi, unganisha TE1 na E1, washa swichi tena uhesabu taa ya injini inavyokonyeza. Ikikonyeza moja, ikapumzika, ikakonyeza mbili, hiyo ni 12, kompyuta haipati taarifa kwamba injini inazunguka, kagua sensa ndani ya distribyuta na waya zake. Moja kisha nne ni 14, upande wa igniti, yaani mfumo wa moto wa plagi. Kabla ya yote hayo angalia fyuzi ya EFI, ile ya mfumo wa kuingiza mafuta, na uweke mafuta lita tano hata kama geji inasema yapo, nimeshaona geji imeganda robo tanki kavu.

Na cheche mnapoipima hakikisheni hakuna petroli iliyomwagika jirani. Stata msiishikilie zaidi ya sekunde kumi, iacheni ipoe.

Kijana wa Ngaramtoni

Shikamoo fundi, shikamooni wote. Mi nina Starlet injini 4E, asubuhi hizi za baridi haiwaki kabisa, saa sita jua likitoka inawaka yenyewe. Cheche ipo, pampu nimeisikia inavuma. Nimeshaambiwa ninunue nozo zote nne.

Fundi, Majengo Moshi

Marahaba. Usinunue kitu. Karibu na thermostati kuna sensa ya joto la maji yenye waya mbili, usichanganye na ile ya waya mmoja, hiyo ni ya geji. Ichomoe injini ikiwa ya baridi uipime na mita kwenye ohm. Kwenye nyuzi 20 inatakiwa isome kama 2,000 mpaka 3,000, na kwa baridi ya huko ipande zaidi. Ikisoma mia mbili mia tatu inaidanganya kompyuta kwamba injini ya moto, inapewa mafuta kidogo, na injini ya baridi haiwaki kwa mafuta kidogo.

Kijana wa Ngaramtoni

Mrejesho wakuu. Nimepima alfajiri na mita ya kuazima, imesoma 310. Nimepata nyingine, nimeipima kwanza palepale dukani ikasoma 2,700, nikaifunga jioni nikaacha gari nje makusudi ilale kwenye umande. Leo saa kumi na mbili asubuhi vioo vina ukungu, nimegusa stata ikawaka.