Bwawa la Galana: nani atakunywa kwanza?

Mwanzisha mada, Malindi mjini

Wenyeji wa pwani, hamjambo? Tuliongee hili bwawa la Galana bila siasa, kama yawezekana. Tumeambiwa zaidi ya mara moja kwamba litajengwa huko juu, kwenye mashamba ya Galana-Kulalu, lizuie maji ya mvua yanayopita mbio kwenda baharini. Mahindi yamwagiliwe, na sisi wa chini tupate ya bomba.

Kwa sasa Malindi na Kilifi twategemea Baricho, na Mombasa pia yachota hapohapo, juu ya yale ya Mzima, Marere na Tiwi. Visima vimechimbwa kwenye mchanga wa Sabaki, ndio Galana huohuo ukifika huku chini, maji ya mto yakajichuja humo, pampu zikayavuta. Umeme ukikatika, au mto ukija na gharika, mji mzima warudi kwa mkokoteni. Juzi nimenunua madumu sita, shilingi 40 kila moja, na bili ya bomba ikaja vilevile.

Naunga mkono bwawa kwa sharti moja: maji ya kunywa yaandikwe kwenye mkataba kabla ya maji ya mahindi. Nyinyi mwasemaje?

Mkaazi wa Lango Baya

Ndugu yangu, sharti lako ni la mtu wa mjini. Bomba kubwa lapita nyuma ya choo changu. Pana vali ya hewa pale, usiku yapiga mluzi mpaka watoto wameizoea. Maji hayo yaenda kwenu. Sisi twashuka mtoni kwa makundi, mmoja achota, mwenziwe asimama kumwangalilia mamba.

Na kabla hujafika kwenye mkataba, niambie habari ya kuhamishwa. Mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama watoke ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, nyumba zikachomwa. Mekatilili, mama aliyewaongoza kuwapinga Waingereza, alikuwa amekwisha kamatwa. Kwa hivyo mtu akija huku na ramani, wazee huuliza kwanza makaburi yako upande gani wa mstari. Tena wengi hatuna hati. Asiye na hati atalipwa kwa karatasi gani?

Nahodha wa mashua, Malindi

Mimi nitawashangaza: bwawa nalitaka, na shida yangu si ya kunywa. Ni tope. Kaskazi ikivuma, maji mekundu ya Sabaki yageuka kusini yaja kwetu, mgeni nampeleka kwenye hifadhi ya bahari haoni samaki wala matumbawe. Kusi ikirudi, yaelekea Mambrui na Ngomeni, twapumua.

Halikuanza jana. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa hapa Malindi lenye umri wa kama miaka 300, wakasoma madini ya bariamu, yanayoletwa baharini na udongo wa mto, ndani yake, pete kwa pete. Ikaonekana udongo ulianza kuzidi mwanzoni mwa karne ya 20, misitu na nyasi za bara zilipogeuzwa mashamba. Hata ufuo wa mjini umesogea. Mahali wazee waliporukia maji leo watu wacheza mpira. Basi wacheni tope lizuiwe hukohuko.

Fundi mstaafu wa maji

Nahodha, tope usilolipata wewe litalala wapi? Litalala bwawani. Masinga, kule Tana, lilikamilika 1981 likiwa na nafasi ya mita za ujazo zipatazo bilioni 1.56, na udongo ukaingia kwa kasi kuliko waliyoipiga hesabu wahandisi. Na Galana ni mto mchafu zaidi. Asiyeamini achote chupa moja msimu wa mvua, aiweke dirishani usiku kucha.

Yako mambo ya kufanya. Bwawa liwe na milango ya chini, ifunguliwe mafuriko yanapoanza, tope lisombwe kabla halijatulia. Lakini hiyo yataka meneja mwenye moyo wa kumwaga maji ilhali watu wana kiu. Sijamwona bado.

Ninaloliogopa zaidi ni Baricho yenyewe. Vile visima vyaishi kwa mchanga unaoletwa na mafuriko. Ukizuia mchanga juu, maji yatakayoachiliwa yatakuwa yametua mzigo, yana nguvu ya kuchimba, na kitanda cha mto kitashuka. Twaweza kujenga bwawa la kuongeza maji likatuulia kisima. Na juu yetu kuna bwawa la Thwake, mita za ujazo milioni 688, mto huuhuu wetu, ambao huko juu huitwa Athi, wenye uchafu wa Nairobi ndani yake. Kabla ya kupima Galana, Thwake itatuachia kiasi gani mwezi wa Februari? Hapo ndipo mjadala ulipo, mengine ni mapambo.

Tusisahau jua pia. Sehemu zile bwawa wazi laweza kupoteza karibu mita 2 za kina kwa mwaka, zikaenda juu tu.

Mkulima wa Chakama

Nyinyi mwahesabu tope, sisi twahesabu miezi. Silanga yetu ikibaki na maji mpaka Januari, twashukuru. Ng'ombe akifa hafi kwa ripoti. Jengeni, mtarekebisha mbele ya safari.

Mwana wa Shela, Lamu

Kaka wa Chakama, pole sana, ila "mbele ya safari" huwa haifiki. Waulize watu wa delta ya Tana: mabwawa yalipojengwa juu, mafuriko yaliyokuwa yakilisha mashamba ya mpunga na malisho yalipungua, na hakuna aliyerudi kurekebisha. Sasa yasemwa bwawa jingine, High Grand Falls, litajengwa mto huohuo, na maji yake mengine yaletwe mpaka Lamu. Sisi huku twaishi kwa visima vya michanga ya Shela, ukivuta kwa pupa chumvi yaingia. Visiwani wana majabia ya wazee, yakinga mvua. Yasafishwe hayo kwanza, hayahitaji mkopo wa nje.

Mwanzisha mada

Fundi umenitikisa. Nilikuja na sharti la nani anywe kwanza, sikujua huenda Baricho yenyewe ikaingia hatarini. Baraza la tathmini ya mazingira likiitishwa nitasimama niulize mawili: kitanda cha mto pale visimani kimepimwa lini, na Lango Baya itapata mabomba mangapi siku ya kwanza, si awamu ya tatu. La nahodha silijibu, ana haki yake.

Chupa nimeiweka tangu jana. Tope vidole viwili, na juu yake bado rangi ya chai ya maziwa.

Mkaazi wa Lango Baya

Umechota wapi? Kama ni pale darajani, hapo watu waosha pikipiki. Njoo huku uchote, nitakuangalilia mamba.