Aprili 19 ya Brazil: jina limebadilika, je, siku imebadilika?

Mleta mada
Mwaka 1943 Brazil iliitangaza Aprili 19 kuwa "Dia do Índio", Siku ya Mhindi (yaani mwenyeji wa asili wa Amerika), na mwaka 2022 ikaiita "Dia dos Povos Indígenas", Siku ya Watu wa Asili. Wengine wanasema ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Sikubaliani nao.

Tarehe ilitoka Pátzcuaro, Mexico, kwenye kongamano la nchi za Amerika kuhusu watu wa asili la 1940. Wajumbe wa asili walisita mwanzoni kuingia, kwa kutoziamini serikali, hadi walipojiunga Aprili 19. Rais Getúlio Vargas aliileta Brazil kwa amri ya Juni 1943, wakati Bunge limefungwa tangu 1937. Siku ilishuka kutoka juu. Ya 2022 ilianzia kwa wenyewe: muswada ulikuwa wa Joenia Wapichana, mwanamke wa kwanza wa asili kuchaguliwa mbunge wa shirikisho. Rais Bolsonaro aliukataa. Kutengua uamuzi wake kulihitaji kura 257 za wabunge kati ya 513, na 41 za maseneta kati ya 81. Zilipatikana, na Sheria namba 14.402 ikatoka Julai.

Mchangiaji wa pili
Ndugu mleta mada, historia yako ni sahihi, ila umeishia mlangoni. Katiba ya 1988 iliahidi mipaka ya ardhi zote za watu wa asili ikamilike ndani ya miaka 5, yaani kufikia Oktoba 1993. Mpaka leo kazi haijaisha.

Angalia hatua zenyewe. Funai, taasisi ya serikali inayoshughulikia watu wa asili, hutuma mwanaanthropolojia kuchunguza eneo. Ripoti huchapishwa, na wapinzani wana hadi siku 90 baada ya hapo kuweka pingamizi. Waziri wa Sheria hutamka mipaka, alama huwekwa ardhini, Rais husaini amri, kisha ardhi huandikishwa. Kila hatua ni mahali pa faili kulala. Waziri asipotamka, anayefuata hana cha kufanya, na wakati huo wakataji miti wako kazini. Jina jipya halisogezi faili hata moja.

Mchangiaji wa tatu
Msilidharau neno. "Índio" lilizaliwa na kosa la Columbus aliyedhani amefika Asia, likafunika mamia ya mataifa kwa jina moja. "Povos", watu kwa wingi, linawarudisha Wayanomami, Waguarani na Waticuna kila mmoja mahali pake. Sisi wa Kiswahili tunalo deni hilohilo: "Wahindi Wekundu" bado imo vitabuni, na msomaji mdogo anadhani ni jamaa wa Wahindi wa Mumbai.

Shuleni Brazil kosa linajulikana: kofia ya manyoya ya karatasi, uso kupakwa rangi, basi. Mwalimu achague taifa moja, aonyeshe kwenye ramani linaishi wapi leo na linazungumza lugha gani. Kofia ya karatasi humfundisha mtoto kwamba watu hao wamekwisha.

Mleta mada
Mchangiaji wa pili, hoja ya ardhi naikubali, lakini siku hii imekuwa kipimo chake. Tangu 2004 watu wa asili hupiga kambi Brasília, mji mkuu, karibu kila mwaka, kwa kawaida Aprili, na Rais hutazamwa amesaini ardhi ngapi. Mwaka 2023 Rais Lula alisaini 6. Mwaka 2024 zilitarajiwa 6, akasaini 2, akieleza kwamba baadhi ya magavana waliomba muda kwa sababu ardhi hizo zina wakazi wengine. Bila Aprili, nani nje ya vijiji hivyo angejua kwamba 4 zilibaki?

Mchangiaji wa pili
Hapo ndipo ninapoogopa. Ardhi ikishapita kwa waziri na alama zikawekwa, kinachobaki ni saini. Mwezi wa sherehe ukigeuka msimu wa kusaini, faili iliyo tayari Juni itakuwa na kisingizio cha kusubiri miezi 10. Kama ni kipimo, tuhesabu saini za mwezi hadi mwezi, kisha Aprili tusome hesabu ya mwaka mzima.