Jaribio la API linapita asubuhi, linaanguka saa nane usiku

Mjaribu wa Rongai

Habari zenu wanajamvi. Kazi yangu ni kujaribu programu katika kampuni ndogo hapa Nairobi, na huduma ninayoijaribu ni API, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuzungumza nayo: hupokea malipo kisha hurudisha stakabadhi katika JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. Majaribio nimeyaandika kwa Postman, programu ya kujaribu API, na kila siku saa nane usiku seva yetu huyaendesha yote bila mtu kuwapo, kwa Newman, chombo cha kuendesha majaribio ya Postman kwa amri. Kwa wiki mbili sasa, jaribio linalodai kwamba stakabadhi ina tarehe ya leo limekuwa likianguka usiku huo, ilhali nikifika ofisini asubuhi na kuliendesha kwenye kompyuta yangu linapita bila tatizo. Lipo na la pili, la kiasi cha fedha, ambalo huanguka saa zote ingawa nikilitazama jibu naona shilingi 1500 zilezile nilizotuma. Nimeongeza muda wa kusubiri, lakini hakuna kilichobadilika. Ninaishuku seva, ila mwenzangu anayeitunza anaapa kwamba haina kasoro. Sehemu ya tarehe ni hii:

```
const jibu = pm.response.json();
const leo = new Date().toISOString().slice(0, 10);
pm.expect(jibu.tarehe).to.equal(leo);
```

Kahawa Chungu

Bila shaka ni tokeni, ule ufunguo wa muda wa kuingilia huduma. Yako ya asubuhi ni mpya, ya usiku imekwisha muda wake.

Mjaribu wa Rongai

Ahsante, lakini tokeni ikiisha ningeona 401, msimbo wa kukataliwa, na hapa napata 200, msimbo wa kufaulu. Ujumbe wa usiku wa jana ni huu: `expected '2025-03-12' to equal '2025-03-11'`. Ule wa fedha husema `expected '1500.00' to equal 1500`.

Mama Logi

Ndugu, ujumbe huo ungeuweka tangu mwanzo tusingepiga ramli. Huduma imekurudishia tarehe 12, ambayo ndiyo sahihi, na skripti yako ndiyo iliyodai kwamba leo ni tarehe 11. Kitendaji `toISOString` hutoa saa ya UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, siku zote, hata kompyuta yako ikiwa imewekwa saa za Afrika Mashariki, nasi tumeitangulia UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo saa nane usiku hapa Nairobi, huko UTC bado ni jana, na hali hiyo hudumu kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa. Mwache mwenzako wa seva apumzike. Ukitaka kuhakikisha, kesha leo hadi saa saba usiku, uendeshe jaribio hilo kwenye kompyuta yako mwenyewe, nalo litaanguka vilevile.

Kwa kuwa Kenya haibadilishi saa kwa misimu, unaweza kuongeza milisekunde 10800000 kwenye wakati wa sasa kabla ya kuukata kuwa tarehe. Mimi binafsi ningependelea huduma irudishe wakati kamili wenye alama ya `+03:00`, kisha jaribio lidai kwamba wakati huo haukupita sekunde kadhaa tangu ombi lilipotumwa, kwa sababu kulinganisha tarehe tupu kutakuangusha tena siku ambayo ombi litaondoka sekunde moja kabla ya saa sita usiku na jibu likafika baadaye.

Kuhusu fedha, tazama alama za kunukuu. Upande mmoja zipo na upande wa pili hazipo, maana yake umepokea maandishi ukayalinganisha na namba, na `equal` haisamehe tofauti ya aina hata thamani zikifanana. Usikimbilie kuyageuza maandishi kuwa namba ili rangi nyekundu ya jaribio lililoanguka iondoke. Soma kwanza maelezo rasmi ya API: yakisema kiasi ni namba, basi jaribio lako limekamata kosa la kweli, na wa kurekebisha ni aliyeandika huduma.

Mzee wa Buruburu

Nakubaliana na Mama Logi, ila mimi huogopa zaidi majaribio yasiyoanguka kamwe. Je, unayo yanayopitia orodha kwa `forEach` na kudai jambo juu ya kila kipengele? Orodha ikirudi tupu, hakuna dai hata moja litakalotekelezwa, na `pm.test` itahesabu kwamba jaribio limepita, kwa sababu hakuna kilicholalamika. Tangulia kudai kwamba orodha ina kitu, kwa `pm.expect(orodha).to.not.be.empty`, ndipo uingie ndani.

Mjaribu wa Rongai

Nimekesha kama nilivyoshauriwa. Saa saba na dakika kumi jaribio la tarehe lilianguka mbele ya macho yangu, nikaongeza zile saa tatu, likapita. Maelezo ya API yanasema wazi kwamba kiasi ni namba, kwa hiyo jaribio la fedha nimeliacha likiwa jekundu na kuwaandikia watengenezaji. Kisha nikafuata neno la Mzee: majaribio yangu mawili ya historia ya malipo, ambayo yamekuwa ya kijani tangu niyaandike, yameanguka yote, kwani akaunti ninayojaribia haijawahi kuwa na muamala hata mmoja. Leo nina kazi ya kuijaza miamala, na mwenzangu wa seva nimekwisha kumwomba radhi.