Ushauri: mkokoteni wa chakula, maji lita 40 tu kwa siku, usafi niupangeje?

Mkokoteni_mpya: Wakuu, naomba msaada. Nauza wali, maharage na mchuzi wa nyama. Bomba hakuna karibu, nabeba madumu mawili ya lita 20. Vyombo naosha beseni moja, nasuuza la pili. Napika saa 11 alfajiri, nauza hadi saa 9 alasiri. Nianze kubadilisha nini, sabuni au dawa?

Nyuzi60: Anza na muda, mkuu. Saa 10 kwenye sufuria lililofunikwa kitambaa ni nyingi mno. Chakula kilichoiva kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, bakteria wanazaana. Watu huogopa nyama na kuusahau wali. Spora (mbegu zilizolala) za bakteria aitwaye Bacillus cereus huvumilia kuchemka. Wali ukibaki vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe mpaka ushike ukoko.

Pika mafungu mawili, la pili lifike karibu na chakula cha mchana. Hotpoti ijaze maji yanayochemka dakika 10, mwaga, ndipo upakue ndani. Kila saa chomeka kipimajoto katikati, si pembeni. Kikisoma chini ya 60 na hazijapita saa 2 tangu usomaji mzuri wa mwisho, pasha hadi 75. Hujui kimeshuka lini? Mwaga. Usiongeze chakula kipya juu ya cha zamani. Kipimajoto chenyewe kijaribu kwenye maji yenye barafu nyingi. Kisiposoma 0, kinakudanganya.

Beseni_la_tatu: Naongezea upande wa vyombo. Kwangua mabaki kwanza, kisha mabeseni matatu ya lita 5: sabuni, suuza, dawa. Kama dawa ya klorini ni ya asilimia 5, vijiko 2 vya chai (mililita 10) vinatosha beseni hilo. Loweka dakika 2, pangilia vyombo wima, vikauke vyenyewe. Ukifuta na kile kitambaa cha begani umerudi ulikoanzia.

Dawa haifanyi kazi ya sabuni: ikikutana na mafuta na mabaki inaishia hapo hapo. Maji yakiwa na ukungu, badilisha. Na klorini usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa gesi ya sumu.

Hesabu: lita 15 kwa mzunguko, mizunguko miwili 30, zinabaki 10 za kunawa mikono.

Mkokoteni_mpya: Mchana foleni ni ndefu, mizunguko miwili haitoshi.

Nyuzi60: Basi usioshe pale. Beba sahani za kutosha saa za foleni, chafu ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko, uzioshe nyumbani kwenye maji mengi.

Koki_na_sabuni: Hizo lita 10 ziwe kwenye ndoo yenye koki, chini yake ndoo ya maji machafu. Kunawa kwenye beseni la pamoja ni kugawana uchafu. Sugua na sabuni sekunde 20. Anayepokea pesa asipakue. Kama uko peke yako, chakula kiguswe kwa upawa na koleo tu. Glavu iliyoshika noti haina tofauti na mkono mchafu, tena inakufanya usahau kunawa. Kidonda mkononi kifunikwe plasta isiyopitisha maji, na glavu juu yake. Ukiharisha, mkokoteni usitoke mpaka zipite saa 48 tangu kuhara kukome.