Kijana wa miaka 15 amebadilika, ni balehe ama kuna jambo?

Mama Langoni
Assalaam aleikum. Naomba rai zenu hasa nyinyi wenye watoto wakubwa. Nna kijana wangu wa miaka 15, tuko Lamu. Huyu alikuwa hakai ndani, akitoka skuli ni madrasa, akitoka madrasa ni jetini na wenzake kupiga mbizi mpaka adhana ya magharibi. Sasa tangu likizo ya Agosti yuwajifungia chumbani na simu, ukimuita ajibu "mm", ukimuuliza zaidi apandisha sauti na si tabia yake. Wikendi yuwalala mpaka adhuhuri. Chakula agusa gusa tu, ata mahamri na mbaazi alizokuwa akigombania na dadake. Mpira ameacha, na vile viatu alivyonisumbua mwaka mzima nimnunulie kampa binamuye, ati havihitaji tena. Mwalimu wa darasa naye asema alama zashuka. Babake asema ni balehe nimuache, mama mkwe asema ni kijicho apelekwe akaandikiwe kombe, zile aya za Qurani zaandikwa zikaoshwa akanywa. Mie moyo hautulii. Ntajuaje ujana waishia wapi na ugonjwa waanzia wapi?

Baba Watatu, Malindi
Waaleikum salaam dada. Mie nimelea vijana watatu huku Barani, na huo mlango kufungwa na huo usingizi peke yake usikutie hofu. Mtoto akibaleghe usingizi huanza kumjia usiku mkubwa, ndivyo mwili wake unavyokwenda, na bado ahitaji masaa 8 mpaka 10, sasa siku za skuli aamshwa alfajiri basi Jumamosi ndio alala kufidia. Na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopima mambo na kuzuia hasira haikomai mpaka miaka ya ishirini na kitu, ndio maana leo akugombeza, kesho ashasahau akuomba pesa ya viazi karai. Kutaka faragha, kubishana, kuona wenzake ndio watu na nyinyi wazee hamjui kitu, hayo ni ya umri. Lakini wangu walikuwa wakinuna nyumbani wakitoka nje wacheka na wenzao. Wako ata jetini haendi? Hapo na mie nasita.

Nesi wa Pwani
Dada, mie ni nesi na nataka uniskize vizuri manake umeandika jambo moja katikati ya mengine ukalipita. Viatu. Kijana kuacha mpira kisha kugawa kitu alichokipenda akasema hakihitaji tena, hilo sisi hatuliachi lipite. Inawezekana ni ukarimu tu, lakini lazima aulizwe.

Kingine, huzuni ya vijana mara nyingi haionekani kwa machozi, huonekana kwa hasira. Ndio maana wazazi wengi wafikiria ni utovu wa adabu. Tunachotizama ni amepoteza nini na kwa muda gani. Akinuna siku mbili tatu kisha akarudi kwa wenzake, hio ni balehe. Lakini hali ikishika karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hana raha na vitu alivyopenda, chakula kimebadilika, masomo yashuka, marafiki amewaacha, hapo mpeleke akatizamwe, usingojee aanguke. Shirika la Afya Duniani lasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya 18, kwa hivyo "ni mdogo huyo ana mawazo gani" si jibu.

Muulize wazi: "Je, wafikiria kujiua?" Najua ulimi wagoma, lakini kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, wengi hushusha pumzi kwamba kuna mtu ameona. Na msiogope polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa chavunja katiba. Kombe akinywa hakuna ubaya, ila lisiwe sababu ya kuchelewesha hospitali. Wampime na damu pia, upungufu wa damu au tezi ya shingo yaweza kumchosha mtu namna hio.

Ustadh B
Naongezea kidogo kwa nesi. Mchunguzeni pia kama ameanza muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, au bangi, huku kwetu vijana wadogo wamo na si siri, Kilifi walijaribu kupiga muguka marufuku Mei 2024. Ila mchunguze bila kumpekua kwa fujo. Na akianza kusikia sauti ambazo nyinyi hamzisikii, au kushuku watu wa nyumbani wataka kumdhuru, hio tena si ya kusubiri wiki mbili, ni siku hio hio. Mimi huwasomea watoto Qurani na nitaendelea, na wale wale huwaambia wazazi wao wende kwa daktari.

kijana_wa_shela
Mama nna miaka 19. Usimuite sebuleni mbele ya watu, ata kama ana la kusema hatosema. Mchukue mtembee nyinyi wawili, mtu mkitembea ubavu kwa ubavu asema kuliko ukimkazia macho. Na akisema kitu, usikatize na "mbona wenzako". Tafadhali.

Mama Langoni
Nimemtoa leo baada ya alasiri tukatembea. Alinyamaza sana. Kisha akasema kuna watu skuli wamsumbua na wamemtia kwenye grupu la simu wamtukana, na kuwa amechoka. Nikamuuliza lile swali, nikitetemeka. Akasema mara nyengine aona ingekuwa bora asingekuweko. Nifanye nini? Babake bado hajui.

Nesi wa Pwani
Umefanya kubwa dada. Mpeleke leo hii, usingoje Jumatatu. Nenda hospitali ya King Fahd pale Lamu, ukifika kasualti wasikwambie mrudi kesho, sema maneno yale yale aliyokwambia: kijana wangu asema bora asingekuweko. Mpaka mfike asiwe peke yake, ata chumbani. Dawa zote za nyumbani, hizo za presha za bibi yake na sumu ya panya, zitoe au fungia. Babake mwambie sasa, mweleze kuhusu viatu. Zile meseji za grupu msizifute, zipigeni picha, skuli watazitaka. Na bibi akitaka kuandamana nanyi aje, yuwampenda mjukuu wake. Ukipata network niandikie wamesema nini.