Wana wa Mwanakombo: pesa za Khalti Rukia

JUMAPILI

Mishi 19:42
Asalaam alaykum jamaa zangu. Leo nawaomba tuongee, msisome mkanyamaza. Khalti Rukia hajaona pesa zake za wazee, zile za Serikali, tangu kabla ya mfungo. Nimetoka kwake Majengo sasa hivi. Nimemkuta na chai ya rangi na mkate wa juzi, nyumba giza, tokeni ya stima imeisha. Mwenye nyumba ashabisha hodi mara mbili wiki hii.

Mishi 19:45
Jina lake halijaondolewa kwenye orodha, nimeuliza. Kinachomzuia ni uhakiki, ule wa mzee kwenda mwenyewe aonekane yuko hai. Asiyehakikiwa anasimamishwa. Na yeye hakwenda kwa sababu hakuna aliyempeleka.

Mishi 19:58
Naona mmesoma.

Mwanaidi 20:03
Waalaykum salaam. Maskini Khalti, Mungu amfanyie wepesi.
Jamani kesho nina mahamri na mbaazi za nazi. Anayetaka aniambie kabla sijakanda unga.

Nassir 20:04
Mimi kumi. Lakini mbaazi zisiwe kama za Ijumaa, zile zilikuwa supu

Mwanaidi 20:04
Supu uliyolamba mpaka bakuli 😂

Zuhura 20:05
😂😂😂 mimi sita

Mishi 20:09
Mahamri baadaye, tafadhalini.
Kesho asubuhi Khalti lazima afike kwa chifu ahakikiwe. Miguu yenyewe mwaijua, hawezi kupanda matatu. Nassir, tuktuk yako iko barabarani?

Nassir 20:11
Iko gereji dadangu, inasubiri spea kama bi harusi anavyosubiri posa

Mishi 20:12
Nassir.

Nassir 20:13
Haya haya. Nitaongea na fundi.

Tima 20:17
Da Mishi, pesa ni ngapi kwani? Nauliza tu.

Mishi 20:22
Elfu mbili kwa mwezi. Najua mtasema ni kidogo, hata kodi ya chumba haifiki. Lakini ndiyo pesa pekee yenye jina lake. Yule wa duka la chini alikuwa akimwandikia unga, sukari na mafuta kwenye daftari kwa sababu anajua za wazee zitaingia tu, zikichelewa zitakuja. Sasa daftari amelifunga. Khalti akipita pale anageuza uso. Hizo elfu mbili ndizo zilizokuwa zikimfanya aingie dukani kama mtu. Na si sadaka, mzee wa miaka sabini ana haki nazo. Yeye kesha pita sabini zamani.

Mishi 20:26
Na kwenda peke yake hakufai. Vidole vyake mashine haivisomi. Mara ya mwisho nilikuwa naye kwa wakala. Yule kijana akamfuta kidole gumba kwa kitambaa, akakiweka, ikakataa. Akampaka mafuta ya nazi kidogo, ikakataa. Akajaribu cha shahada, cha kati, mkono wa pili, na foleni nyuma inapiga kelele. Mikono iliyokuna nazi na kukaa majini miaka yote ile, mistari imekwisha. Khalti akawa aviangalia vidole vyake akisema, "Mwanangu, ni mimi, hebu iambie ni mimi."
Ndiyo maana anahitaji mlezi aliyeandikwa kwenye karatasi zake, wa kumchukulia pesa. Na huyo mlezi naye awepo kesho na kitambulisho chake.

Zuhura 20:33
Si mlezi alikuwa Fadhili?

Mishi 20:34
Zuhura, hayo nimeyapita makusudi.

Zuhura 20:35
Mimi nauliza tu.

Nassir 20:36
[stika: paka anakula bisi]

Mishi 20:36
Nassir futa hiyo.

Fadhili 20:48
Nimesikia natajwa. Semeni wazi basi. Nilikuwa nikichukua elfu nne kila miezi miwili, naleta unga, nalipa maji ya mkokoteni, naleta risiti mpaka ya panadol. Nikitoa mia mbili ya nauli kutoka Changamwe naitwa mwizi. Nikaacha. Tangu niache, nani kati yenu amekwenda? Nitajieni mmoja.

Zuhura 20:50
Hakuna aliyekuita mwizi kwa nauli. Na mkufu je?

Mwanaidi 20:51
Zuhura wallahi usimguse mume wangu kwa mkufu.

Zuhura 20:51
Mkufu haukuwa wake wa kuupeleka kwa sonara. Mama alikufa akiuuliza.

Fadhili 20:52
Muulize Khalti mwenyewe ni nani alinipa mkononi.

Zuhura 20:52
Khalti atasema lolote ili usiaibike

Mishi 20:53
Jamani mtu yuko gizani Majengo!!

[ujumbe umefutwa]

[ujumbe umefutwa]

Tima 21:07
Samahanini wakubwa zangu, niseme kitu kimoja. Katiba kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo na msaada kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Hata kwa chifu mtu asije akamtolea maneno kana kwamba anaomba. Tulisomeshwa muhula uliopita.

Nassir 21:08
Wakili wetu 👏👏 Nikishikwa na trafiki nakupigia

Tima 21:08
Ukishikwa lipa faini Kaka Nassir

Mishi 21:10
Ahsante Tima. Na kuna jingine, dawa zake za presha. Bima ya afya ya Serikali, SHA, hajalipiwa tangu ilipochukua nafasi ya NHIF. Kwa asiye na mshahara kima cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini inalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja, 3,600. Tukichanga watu kumi na wawili ni mia tatu tatu.

Nassir 21:12
3,600 kwa mpigo? Hata yangu sijalipa

Zuhura 21:13
Mimi mpaka mwisho wa mwezi.

Mishi 21:13
Nani mwingine?

Mishi 21:30
Nani mwingine jamani?

Mjomba Bakari 21:41
Nimewasoma wote tangu mwanzo. Miwani yangu mbovu nimechelewa.
Rukia alikaa na karai la viazi pale Makadara jua likimpiga mpaka Fadhili akamaliza shule na Mishi akamaliza. Hakuzaa yeye ila Swaleh peke yake. Nyinyi wengine wote mmelala kwenye mkeka wake.
Mkufu aliutoa Rukia kwa mkono wake. Mimi nilikuwako. Ulilipa hospitali, na aliyelazwa ni wewe Zuhura, ulikuwa mdogo. Tulikubaliana usiambiwe. Neno la mkufu nisilione tena humu.
Huyu mtoto Tima amesema jamaa na Serikali. Jamaa imetajwa kwanza. Fadhili kesho nenda na khalti yako.

Fadhili 21:49
Naam Mjomba.

Mwanaidi 21:50
Naam Mjomba.

Nassir 21:52
Shikamoo Mjomba. Fundi amesema alfajiri itakuwa tayari inshallah. Sitaki nauli.

Mishi 22:05
Ahsante Mjomba, Mungu akuweke. Basi: Nassir saa moja na nusu mlangoni kwa Khalti. Fadhili mkutane hapo hapo, kitambulisho mkononi. Zuhura upo?

Mishi 22:31
Zuhura?

Swaleh (Doha) 23:56
Nimetoka zamu sasa hivi nakuta haya yote. Mbona hakuna aliyenipigia? Mama nazungumza naye kila Ijumaa, hunambia yuko sawa.

Mishi 23:58
Yeye husema hivyo, Swaleh. Anajua mshahara wako ulicheleweshwa. Alinambia, "Mwanangu yuko ugenini, nisimlize."

Swaleh (Doha) 00:04
Nina elfu tano tu mpaka tulipwe. Natuma asubuhi. Ya stima na kitu cha kula kwanza, mwenye nyumba nitaongea naye mwenyewe.

JUMATATU

Mishi 06:15
Asubuhi njema. Fadhili umeamka?

Mishi 06:50
Fadhili?

Mwanaidi 07:02
Ametoka saa kumi na moja, aliitwa bandarini kibarua. Amesema ataomba ruhusa. Kibarua chenyewe hakikuja wiki nzima Da Mishi, ningemkatazaje?

Nassir 07:34
Niko hapa. Khalti kavaa buibui lake la Idi, yuko tayari, ananiombea dua. Kitambulisho hakionekani.

Mishi 07:35
Angalia kopo la maziwa juu ya kabati. Chini ya kadi ya kliniki.

Nassir 07:41
Kimepatikana. Kumbe pia kuna picha yangu nikiwa bila meno

Mishi 07:41
Nendeni!

Tima 08:20
Mimi nimewahi foleni kwa chifu, nimemwekea nafasi. Watu wamefika barabarani, wazee wamekaa kwenye mawe. Kuna babu mmoja amekuja kwa mkokoteni wa maji, anasukumwa na mjukuu.

Nassir 08:43
Tumefika. Mama mmoja kampisha Khalti kiti.

Nassir 09:18
Karani auliza mlezi ni nani.

Mishi 09:19
Fadhili.

Nassir 09:19
Yuko wapi? Karani ataka kumuona na kitambulisho chake.

Mishi 09:20
Fadhili simu yako haingii!! Mwanaidi mjaribu wewe.

Zuhura 09:24
Mimi niko Mwembe Tayari. Kitambulisho ninacho.

Zuhura 09:25
Nije?

Mishi 09:27
Mjomba alisema Fadhili. Mjomba, twakusubiri wewe.

Tima 09:31
Mjomba hajaingia kwa simu tangu jana usiku.

Zuhura 09:33
Mimi nishapanda bodaboda. Hata nisipoandikwa nitakaa naye.

Fadhili 09:52
Nimepewa nusu siku, bila malipo. Niko Changamwe nangoja matatu. Msiandike mtu.

Nassir 09:53
Zuhura kafika, kamshika Khalti mkono. Hawajasema kitu wote wawili. Karani asema afanye uhakiki kwanza, ya mlezi tumletee kabla hajafunga saa sita, au turudi wiki ijayo.

Mishi 09:54
Afanye uhakiki. Vidole vimekubali?

Nassir 10:01
Gumba imekataa. Cha shahada imekataa. Wanajaribu mkono wa kushoto.

Swaleh (Doha) 10:03
Elfu tano nimetuma kwa Mishi. Umeiona?

Mishi 10:04
Imefika. Stima natia sasa hivi. SHA bado tuko watu watatu waliotoa. Fadhili umefika wapi?