Kukodi trekta au kununua la kwako: tupeane uzoefu

Mkulima wa Rongai, Nakuru

Ndugu wakulima, nawasalimu. Ninalima mahindi na maharagwe katika ekari 18 hapa Rongai, 6 zikiwa zangu na 12 nikizikodi kwa majirani, na kila mwaka ifikapo Februari nakuwa mtu wa kuwapigia wenye matrekta simu wasiyoipokea. Sacco yangu imekubali kunikopesha fedha za trekta lililotumika. Mke wangu anaona afadhali fedha hizo zitafutiwe shamba, na hoja yake ina uzito. Kabla sijatia sahihi, ningeomba wenye uzoefu waeleze yaliyowapata, wawe ni wa kukodi au wa kumiliki. Tafadhali kila mtu ataje ukubwa wa shamba lake na aina ya udongo, kwa kuwa ushauri unaomfaa mwenye ekari 200 za ngano unaweza kumfilisi mwenye ekari 10 za mahindi.

Mkulima wa Mau Narok

Ndugu wa Rongai, mimi ninamiliki, na ninalima ekari 90 za ngano na shayiri pamoja na viazi kidogo. Nitaanza na hesabu, maana watu wengi hulinganisha bei ya kukodi na bei ya dizeli peke yake, kisha wakaona kwamba mwenye trekta anawanyonya.

Tuchukulie trekta la nguvu farasi 75, plau ya disiki tatu ya kupindua udongo na haro ya kuvunja mabonge, vyote kwa shilingi 2,400,000. Baada ya miaka 10 tuseme utaliuza kwa 800,000. Hapo uchakavu peke yake ni shilingi 160,000 kwa mwaka. Riba ya asilimia 14 juu ya mtaji wa wastani wa 1,600,000 ni 224,000, na bima na banda la kulilaza tuyawekee 36,000. Jumla ni shilingi 420,000 kwa mwaka, na fedha hizo zinakwenda hata trekta likilala bandani mwaka mzima. Ukiingia shambani, ekari moja ya kulima hunywa lita 8 hivi za dizeli. Kwa shilingi 170 kwa lita hiyo ni 1,360. Ongeza 300 za dereva na 440 za oili, matairi, disiki na ukarabati, utapata 2,100. Kama kukodi kwenu ni shilingi 3,500 kwa ekari, basi kila ekari unayojilimia inakuokolea 1,400. Gawanya 420,000 kwa 1,400: unahitaji ekari 300 kwa mwaka ndipo ulingane na anayekodi, na hapo hujapata faida yoyote.

Wewe mwenye ekari 18, hata ukilima mara moja na kupiga haro mara mbili, na tuhesabu haro sawa na plau ingawa bei yake ni ndogo, utafikisha 54 tu. Zilizobaki lazima utafute kwa watu. Trekta la namna hiyo hulima ekari 6 hadi 8 kwa siku nzuri, na siku nzuri ni ile ambayo hakuna mvua, hakuna pancha, na mashamba ya wateja yamepakana. Kwa hiyo ukinunua, ujue kwamba umefungua biashara ya kulimia watu, na biashara hiyo inakutaka Februari na Machi, miezi ile ile ambayo shamba lako nalo linakutaka.

Kwa nini basi mimi ninalo? Kwa sababu ya wakati. Ngano inahitaji udongo uliovunjwa vizuri ukalainika, na magugu yaliyoota baada ya kulima yanapaswa kupigwa haro kabla ya kupanda. Kazi hizo zina siku zake. Mwenye trekta la kukodi atakupa siku zilizobaki baada ya wengine. Hata hivyo kombaini, mashine ya kuvuna ngano, sijanunua na sitanunua, maana ni ghali mno kwa kazi ya wiki chache, na wenye nazo huzihamisha kutoka eneo moja la ngano hadi jingine kadiri mavuno yanavyokomaa. Mimi nasubiri zamu yangu kama wengine.

Mkulima wa Kano, Kisumu

Mzee wa Mau Narok amesema wakati, nami naomba nilipanue neno hilo kwa upande wetu. Nina ekari 4 za mpunga karibu na Ahero na kipande cha mahindi juu kidogo, udongo ukiwa mweusi, ule unaonata. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na disiki inarukaruka juu yake bila kuzama. Ukilowa, magurudumu yanazunguka pale pale yakichimba shimo. Kati ya hali hizo mbili kuna kipindi kifupi sana ambacho plau inaingia vizuri, na kipindi hicho kinawajia wakulima wote wa Kano kwa pamoja.

Msimu mmoja mwenye trekta alipokea malipo yangu ya awali, kisha akaenda kwanza kwa mkulima mkubwa wa miwa upande wa Muhoroni. Alipokuja kwangu mvua ilikuwa imeshatangulia, na trekta likazama hadi ekseli likavutwa na lingine. Fedha nilizidai hadi nikachoka. Tangu hapo sitoi malipo ya awali zaidi ya bei ya dizeli, na dizeli yenyewe inatiwa mbele yangu shamba likiwa tayari.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kubadilisha majira. Sasa shamba la mahindi ninalilimisha mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo, wakati ambao matrekta hayana kazi nyingi na bei inazungumzika. Mabonge yanakaa juani, na mvua ikija yanalainika yenyewe. Likichelewa hilo, ninaita jozi ya ng'ombe ya jirani. Ng'ombe hawalimi kwa kina kama trekta, lakini siku nikisema kesho, ni kesho. Kwa mpunga bado ninakodi trekta lenye rotaveta, yaani visu vinavyozunguka kusaga udongo, na sioni siku nitakayolinunua kwa ekari 4.

Mkulima wa miwa, Mumias

Kwetu swali hili lina sura nyingine. Muwa ukishapandwa na kukatwa, shina huchipua tena, kwa hiyo shamba halilimwi upya kwa miaka kadhaa. Mkulima wa miwa anayenunua trekta ili alime shamba lake mwenyewe atalitumia mara moja kisha alitazame. Ninalo, lakini linalolilipia ni trela, maana miwa iliyokatwa haingoji. Ikikaa siku nyingi inapoteza uzito na sukari, na kila mkulima anataka ya kwake ifike kiwandani leo. Kwa hiyo ndugu wa Rongai, uliza pia trekta lako litafanya nini kuanzia Mei hadi Januari. Kama kuna mahindi ya kubeba, mawe, mchanga au maji, hesabu ya mzee hapo juu inabadilika sana.

Tahadhari yangu ni moja. Nilipokuwa nalipa mkopo, kiwanda nilichokibebea miwa kilikaa na malipo yangu miezi mingi, na benki haikujali sababu. Usipange marejesho ya mkopo kwa fedha ambayo tarehe yake imo mikononi mwa mtu mwingine.

Mkulima wa Vihiga

Nitasema kwa ufupi. Shamba langu ni robo tatu ya ekari, lina mteremko na migomba pembeni, na trekta likiingia halipati pa kugeukia. Tunalima kwa jembe na kwa ng'ombe. Nimesoma kuhusu huduma kama Hello Tractor, ambazo mawakala wake hukusanya maombi ya wakulima wa eneo moja ili trekta lisisafirishwe kwa ajili ya kipande kimoja, na nadhani wenye mashamba madogo yaliyo tambarare wangefaidika nayo kuliko kukopa.

Mama wa Kimilili, Bungoma

Sisi ni kikundi cha kina mama, na trekta tunalimiliki kwa pamoja. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa kuwa wengi wanadhani ushirika wa trekta huvunjika tu.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa nani alimiwe kwanza. Mwenyekiti akiwa wa kwanza, watu wananung'unika. Akiwa wa mwisho, ananung'unika yeye. Tukaamua kupiga kura ya vikaratasi, si kwa majina bali kwa njia ambazo trekta hupita. Tuliyagawa mashamba yetu kwa njia nne, kila njia trekta linaanzia juu na kushuka hadi mwisho bila kurukaruka, na kila msimu njia iliyoanza mwaka uliopita inakuwa ya mwisho. Dizeli iliyokuwa ikiishia barabarani sasa inaishia shambani.

La pili ni fedha. Mwanachama analipa kabla trekta halijawashwa, awe mjane au mke wa diwani. Kwa kila ekari tunatenga shilingi 500 katika akaunti ya vipuri ambayo haiguswi kwa msiba wala karo, na wanachama walilia sana kuhusu karo, lakini klachi ilipoisha katikati ya Machi fundi alilipwa siku hiyo hiyo. La tatu ni dereva. Hatukuajiri mume wala mwana wa mwanachama yeyote, ili ikibidi kumwachisha kazi, nyumba ya mtu isitikisike. Trekta linalala kwa mwanachama mmoja, na ufunguo unalala kwa mwingine.

Wasio wanachama tunawalimia kwa bei ya soko, na hao ndio wanaolipa mkopo. Bila hao, ekari zetu zisingetosha.

Dereva wa Njoro

Nimeendesha matrekta ya watu kwa miaka mingi na ningependa wenye kukodi wajue mambo mawili. Dereva analipwa kwa ekari, kwa hiyo akiachwa peke yake atapandisha gia na kuinua plau kidogo ili amalize. Kubalianeni kina kabla ya kuanza, tuseme inchi 8. Baada ya mizunguko miwili ya kwanza, chomeka kijiti ndani ya mfuo hadi kigote udongo ambao haujalimwa, kisha ukipime. Mkirekebisha pale, shamba lote litakwenda hivyo. Usingoje jioni, kwa kuwa ekari iliyokwaruzwa hairudiwi bure.

La pili ni kipimo. Ekari ni mita za mraba 4,047. Wengi wetu hupima kwa hatua 70 kwa 70, na inakaribia ukweli kama hatua ni ya yadi moja, lakini dereva mwenye miguu mirefu atakupunja au atajipunja. Pimeni kwa kamba, mkiwa wote wawili.

Mkulima wa Rongai, Nakuru

Nawashukuru nyote. Hesabu ya ekari 300 nimempa mke wangu akaisoma mwenyewe. Tumekubaliana kwamba mwaka huu nitakodi, nitalimisha mapema baada ya kuvuna kama alivyoeleza ndugu wa Kano, na wakati huo nitawaandikisha majirani ambao wako tayari kulimiwa nami, wakitaja ekari zao. Orodha ikifika 200 nitairudia Sacco. Swali langu la mwisho ni kwa mzee wa Mau Narok: trekta lililotumika linakaguliwaje na mtu ambaye si fundi?

Mkulima wa Mau Narok

Nenda na fundi hata hivyo, lakini haya unaweza kuyaona mwenyewe. Fika asubuhi bila kutangaza saa, uguse injini kama ni baridi, kwa sababu muuzaji mjanja huliwasha mapema ili usione linavyosumbua kuwaka. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake linachoma oili. Chomoa kijiti cha oili; ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki, na ile namba ya usajili inayoanza na KT. Kisha mwambie afunge plau, ainyanyue juu kabisa, na azime injini. Kaeni mzungumze bei mkiitazama plau hiyo. Ikibaki juu, haidroliki, yaani mfumo wa kunyanyua, ni nzima. Ikianza kushuka yenyewe kabla hamjaelewana, ondoa gharama ya kuitengeneza kwenye bei, au uende ukatazame lingine.